Ndugu Wengi wa Mzee Tembo

Haya, sogeeni. Wewe uliye mlangoni, rudishia huo mlango, upepo unaingia. Na huyo anayetafuna karanga azitafune taratibu, maana hadithi ya leo ina aibu ndani yake, na mimi huwa naisimulia nikiwa nimeinama.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba, wanalala kwenye vitanda vya kamba na kutuma washenga kuposa, palikuwa na bonde la chumvi. Masika lilijaa maji. Kiangazi maji yakakauka, chumvi ikabaki juu ya tope, nyeupe na ngumu. Bonde lote lilikuwa la Mzee Tembo.

Nani alimpa? Msiniulize mimi. Alifika, akasimama katikati, na Tembo akishasimama mahali nani atamwambia asogee?

Sasa, chumvi haijivunji yenyewe. Ngiri aliivunja kwa jembe, ko! ko! ko! Nungunungu aliipakia kwenye makanda. Kobe aliibeba mgongoni mpaka gulioni. Digidigi, kwa kuwa ni mwepesi, alipewa kazi ya kukanyaga. Aliingia kwenye tope la maji ya chumvi tangu asubuhi, akalikanyaga kwa kwato zake, chapa, chapa, chapa, mpaka chumvi iliyozama ipande juu. Jua likizama ndipo alitoka.

Na Pimbi je? Pimbi mnamfahamu, yule mdogo kama paka, asiye na mkia. Yeye alikaa juu ya jiwe akitazama mawingu. Mvua ikija ghafla chumvi yote inayeyuka, kwa hiyo lazima awepo wa kupiga kelele. Ilikuwa kazi ya macho na mdomo, na vyote viwili Pimbi alijaliwa.

Mnaniuliza walilipwa nini. Ngojeni kwanza.

Siku mgeni alipofika kuomba kazi, Mzee Tembo hakuzungumzia malipo hata kidogo. Alimkumbatia kwa mkonga. Alimwambia, karibu nyumbani, hapa si kazini, hapa ni kwenu. Mimi ni baba yako na hawa ni ndugu zako. Tutakula pamoja kikiwepo, tutalala njaa pamoja kisipokuwepo. Mgeni aliyetoka mbali, ambaye hakuna aliyewahi kumwita mwana, alilainika moyo papo hapo. Hakuuliza neno. Utamuulizaje baba yako atakulipa nini?

Kiangazi kikiisha, Tembo akiwa na furaha, alimwekea kila mmoja chumvi kidogo kwenye jani. Aliiita zawadi. Asipokuwa na furaha, jani lilibaki mtini.

Basi kiangazi kimoja miguu ya Digidigi ilianza kuharibika. Maji ya chumvi yaliingia katikati ya kwato, ngozi ikachubuka, ikawa nyekundu, halafu ikawa nyeupe, na nyeupe ilikuwa mbaya zaidi. Aliifunga kwa majani. Majani yakaoza. Asubuhi moja alijikaza, akaenda barazani kwa Mzee Tembo, wenzake wote wakiwepo.

"Baba," alisema, "naomba nipumzike mpaka miguu ipone. Na kama ipo chumvi yangu ya kiangazi kilichopita, naomba niiuze ninunue mafuta ya kupaka."

Tembo aliweka bakuli la uji chini, polepole.

"Chumvi yako?" alisema. "Mwanangu, nyumba hii ina changu na chako? Nilikupokea huna mbele wala nyuma. Nikakuita mwanangu mbele ya hawa wote. Leo unakuja kunidai, kama mtu wa barabarani?"

Na machozi yakamtoka. Machozi ya tembo si haba, watoto. Yalianguka to, to, to, kwenye uji.

Ngiri akatazama chini. Nungunungu akalaza miiba yake yote. Kobe, yeye aliingiza kichwa ndani kabisa. Hakuna aliyesema, "Mzee, hebu tazama miguu yake kwanza." Wote waliona haya kwa ajili ya Digidigi, kana kwamba ndiye aliyekosa.

"Nisamehe, baba," Digidigi akasema. "Maumivu yamenisemesha vibaya."

Akarudi kwenye tope. Chapa, chapa, chapa.

Hapo ndipo huwa nainama. Aliyeumizwa ndiye aliyeomba radhi, na aliyemuumiza akamaliza uji wake.

Pimbi aliyaona yote kutoka juu ya jiwe lake. Jioni alishuka, akamkuta Digidigi akijaribu kukimbia kutoka kwenye kibanda mpaka kisimani. Alikimbia hatua chache, akaanguka. Akainuka, akajaribu tena. Akaanguka tena, puu!

Pimbi akamuuliza anafanya nini.

"Najipima," alisema Digidigi. "Fisi anakaa nyuma ya kile kilima. Nikitaka kurudi kwetu lazima nipite kwake. Hii miguu ikienda hivi hadi mwisho wa kiangazi, sitarudi kwetu kabisa."

Pimbi alielewa. Digidigi hana pembe za kutisha, hana meno, hana gamba. Ana miguu tu. Ukimchukulia miguu umemchukulia roho.

"Wewe ndiye uliyenileta huku," Digidigi akaongeza. Hakulisema kwa hasira. "Ulisema yule mzee ni baba wa wote, nitakaa kama mtoto wa nyumbani."

Ni kweli, Pimbi alisema hivyo. Tena alisema akiamini, kwa sababu yeye juu ya jiwe alikuwa anakaa vizuri. Alirudi jiweni, akakaa, na kwa mara ya kwanza jiwe likamchoma.

Haikupita muda mrefu, Korongo akatua uani kwa Mzee Tembo, fwaa! Korongo alikuwa mshenga, na alikuwa ametumwa na tembo wa ng'ambo ya mto. Walikuwa na kijana wao, na kijana alikuwa amemwona Siwema, binti pekee wa Mzee Tembo, akachanganyikiwa. Walitaka kuja kuposa.

Mzee Tembo alifurahi mpaka masikio yakapiga upepo. Ng'ambo ya mto kulikuwa na matunda, kulikuwa na heshima. Lakini Korongo akaongeza neno. Wale wa ng'ambo, alisema, hawaposi kwenye nyumba isiyo na ndugu. Wakija wanataka kuona baba wadogo, shangazi, babu, na zaidi ya wote mjomba. Bila mjomba kukaa mkekani, posa hairudishiwi jibu.

Furaha ikamkauka Tembo. Ndugu angewatoa wapi? Kaka zake walihama zamani, baada ya kuonjeshwa chumvi kama wanaoonjeshwa dawa. Mkewe alikuwa amefariki, na tangu matanga Tembo hakukanyaga tena ukweni. Mzee alikuwa mkono wa birika, na ndugu hawakai kwa mtu wa namna hiyo.

Wakati Tembo akiwaza, Pimbi alimkaribisha Korongo uji, akamwuliza habari za ng'ambo. Korongo ni msafiri, na msafiri akipata uji na msikilizaji huwa hana siri. Alieleza jinsi wanavyopika, jinsi wanavyosalimia, na jinsi wanavyofanya siku ya posa. Alipofika kwenye habari ya beseni, Pimbi alimwomba airudie. Korongo akairudia.

Kesho yake Pimbi akaenda barazani, akapiga hodi kwa adabu.

"Mzee, nasikia unatafuta ndugu."

"Nani kakwambia?"

"Nakaa juu, nasikia. Lakini kwa nini uhangaike? Sisi ni nani kwako?"

Tembo akamtazama bila kuelewa.

"Si umesema siku zote sisi ni ndugu?" alisema Pimbi. "Ngiri atakuwa baba mdogo. Kobe ana mikunjo ya kutosha, ni babu huyo. Nungunungu kaka wa ukoo. Digidigi shangazi. Na mjomba ni mimi."

"Wewe? Kidole kizima hufiki!"

Pimbi akafungua mdomo. Kama hamjawahi kumwona Pimbi akifungua mdomo, basi jueni kwamba ana meno mawili ya mbele yanayochomoza kama pembe ndogo ndogo za ndovu.

"Nani atabisha?" alisema. "Sema tu mama yake Siwema alitoka kwenye ukoo wa wafupi."

Tembo alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka, akauliza kwa sauti ya chini, na wao watataka nini kwa kazi hiyo.

"Mzee, ndugu anadai?" alisema Pimbi. "Umetufundisha mwenyewe."

Hapo Tembo akaona amepata ndugu wa bure. Aliazima kanzu na kofia kwa majirani, akaazima na kanga mpya, akaagiza kila mmoja afunike mwili hadi chini. Aliwaonya wasitaje chumvi wala tope. Pimbi akawa anaitikia kila neno, ndiyo Mzee, sawa Mzee, na rohoni anajisifu. Alijiona hodari kweli. Mkumbuke hilo.

Siku ya posa ikafika. Wageni wakavuka mto, wakaingia uani kwa kishindo cha heshima. Mbele alikuwa bibi wa kijana, tembo mkongwe aliyekunjamana, jino lake moja limevunjika. Tutamwita Bibi wa Ng'ambo. Mikeka ilitandikwa, wote wakaketi.

Ndugu wakatambulishwa mmoja mmoja. Ngiri alivaa kanzu iliyombana, akaitika kama baba mdogo kweli. Kobe alikohoa kikongwe. Digidigi alikaa pembeni, kanga imemfunika hadi kwenye kwato, naye alikuwa amejikunja kama anayeogopa kukanyagwa. Pimbi aliketi mbele, kofia imemzidi kichwa.

Bibi wa Ng'ambo akatazama mkeka wote, akauliza kwa upole kama hawa ni ndugu wa damu au marafiki wa nyumba.

"Damu yangu, mama," Tembo akajibu, na sauti ikajaa nyumba nzima. "Mmoja akilala njaa sisi wote hatuli. Anayemuumiza mmoja wao ameniumiza mimi."

"Nimefurahi kusikia," alisema Bibi. Akageuka. "Leteni beseni."

Beseni likaja, limejaa maji ya vuguvugu.

"Kwetu ng'ambo," alisema, "anayeposa ni mwombaji. Na mwombaji huanza kwa kuosha miguu ya ndugu za binti, ili wajue kwamba hatukuja na kiburi. Nitaanza na shangazi."

Tembo akainuka nusu. "Haina haja mama, umechoka na safari. Tumesamehe."

"Mimi ni mjomba," Pimbi akasema haraka, "na mjomba anasema desturi ya wageni iheshimiwe."

Nani atabishana na mjomba siku ya posa? Tembo akakaa.

Digidigi alivuta miguu chini ya kanga. Alitikisa kichwa. Alimtazama Pimbi, na macho yake yalikuwa yanauliza kitu, lakini Pimbi alikuwa anamtazama Tembo aone uso wake utakavyobadilika.

"Usione haya, mwanangu," Bibi alisema, akaufunua mguu wa kwanza.

Bibi akauingiza mguu kwenye maji. Digidigi akauma kanga, sss! Maji yakabadilika rangi. Kipande cha ngozi kikatoka, kikaelea juu, cheupe. Mkonga wa Bibi ukasimama hapo hapo.

Baadaye akauosha mguu wa pili, kwa mkonga mwepesi kuliko wa kwanza, na wa tatu, na wa nne. Akasogea kwa Ngiri. Magoti ya Ngiri yalikuwa yamepasuka kama tope la kiangazi. Akasogea kwa Nungunungu, akasogea kwa Kobe. Wote walitazama pembeni, kama watoto waliokutwa uchi mtoni.

Digidigi alijifunika uso kwa kanga. Mabega yalikuwa yanatikisika. Miguu aliyoificha siku zote, hata kwa wenzake, sasa ilikuwa wazi mbele ya wageni wa ng'ambo.

Mwisho Bibi akafika kwa mjomba.

Sasa Pimbi alikuwa ameandaa maneno matamu ya kusema hapo. Alikuwa ameyapanga juu ya jiwe kwa siku nyingi. Lakini kitu kimoja hakukiwaza, yule mwenye akili zake zote. Bibi aliushika mguu wake, akaugeuza. Ulikuwa laini. Hauna mchubuko, hauna ufa, hauna hata vumbi.

"Na wewe mjomba," Bibi akauliza, "wenzako wakiumia hivi, miguu hii ilikuwa wapi?"

Maneno yote matamu yakamtoroka. Kofia ikamshuka mpaka puani, na aliiacha hapo hapo.

"Juu ya jiwe, Bibi," alisema.

Nje kuku akalia.

"Mimi si mjomba," Pimbi akaendelea, na sauti ilikuwa ndogo kama yeye. "Na hawa sijui kama ni ndugu. Mzee Tembo ndiye aseme. Kama sisi ni ndugu zake, mmeiona miguu ya ndugu zake. Kama sisi ni wafanyakazi wake, basi kuna ujira ambao hatujawahi kuuona."

Wote wakamgeukia Mzee Tembo. Akisema ni ndugu, kamtupa ndugu yake kwenye chumvi. Akisema ni wafanyakazi, kawadanganya wakwe na kala jasho la watu. Alitafuta njia ya tatu, hakuiona. Basi akafanya alichozoea. Machozi yakaanza, to, to, to.

"Acha hayo," alisema Bibi wa Ng'ambo, bila kupandisha sauti. "Mimi pia ni tembo. Najua yanavyotoka. Umeulizwa swali."

Pazia la chumba cha ndani likafunguka. Siwema akatoka, hina mbichi miguuni, ingawa bibi harusi mtarajiwa hatakiwi kutoka.

"Baba, jibu," alisema. "Mimi niliiona miguu ya Digidigi kisimani. Niliiona mara nyingi, nikajaza mtungi wangu nikaondoka. Nikinyamaza na leo, aibu hii nitahama nayo mpaka kwa mume."

Watoto, mmewahi kumwona tembo akiwa mdogo? Siku ile Mzee Tembo alikuwa mdogo. Masikio yalilala. Alitazama miguu yake mwenyewe, mikubwa, mizima, iliyopakwa mafuta asubuhi ile kwa ajili ya wageni.

"Ni wafanyakazi wangu," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutamkwa katika nyumba ile. Ngiri akainua kichwa kama aliyeitwa jina lake.

"Niliwaita ndugu," Tembo akaendelea, kwa sauti ambayo walioketi nyuma hawakuisikia, "kwa sababu ndugu haniombi kitu."

Bibi hakumtukana. Ingekuwa nafuu kama angemtukana. Alisogeza beseni lile, na maji yake vile vile, akaliweka mbele ya Mzee Tembo. Alisema maji hayo hayatamwagwa mpaka wasikie mfanyakazi wa nyumba hii anapata nini.

Basi yakasemwa pale pale, Korongo shahidi. Kila mwezi ukiandama, kila mmoja atachukua kanda lake la chumvi, awe na furaha Mzee asiwe nayo. Kabla ya kuingia kwenye tope kila mmoja atapata mafuta na viatu vya magome. Anayeumia kazini atalala mpaka apone, na kanda lake litamfikia kitandani. Kobe, ambaye hakuwa amesema kitu tangu kikohozi chake, akatoa kichwa akaongeza la kwake. Akataka anayeuliza haki yake asiambiwe amekosa adabu.

Tembo aliitikia yote, akiwa ameinama.

"Na wewe mwanangu?" Bibi alimwuliza Digidigi. "Wewe unataka nini?"

Digidigi akashusha kanga usoni.

"Nataka Mzee asiniite mwanangu," alisema, "mpaka miguu yangu ipone."

Mzee Tembo aliinuka, akatoka nje. Huyu ndiye aliyekuwa akitembea, sufuria zinatikisika jikoni. Siku hiyo alitoka akikanyaga taratibu, unyayo juu ya ardhi kama anayepita kwenye nyumba ya mgonjwa, na hakuna aliyesikia hatua zake. Mpaka leo tembo hutembea hivyo hivyo. Mkubwa vile, na anapita nyuma ya nyumba hamsikii.

Posa ilikubaliwa, ndiyo, kwa sababu Siwema alisema kweli mbele ya baba yake. Lakini Bibi wa Ng'ambo alilibeba beseni lake akamwambia mkwe, kila kiangazi nitavuka mto na beseni hili hili, na nitaosha miguu. Na alivuka kweli, kila kiangazi, hadi miguu yake mwenyewe ilipomkatalia. Baada yake akavuka Siwema. Mzee Tembo alitimiza ahadi. Kama alitimiza kwa moyo au kwa kuliogopa beseni, mimi sijui, na miguu iliyopona haikuuliza.

Mnadhani imekwisha? Pimbi naye alifikiri hivyo hivyo. Wageni walipoondoka alimfuata Digidigi kibandani, amebeba mafuta ya kwanza kwenye kifuu. Alitegemea kushukuriwa kidogo.

Digidigi alikuwa amekaa mlangoni, miguu ameinyoosha, haifichi tena.

"Ulijua watatuosha miguu?" aliuliza.

"Nilijua."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia ungekataa."

"Ningekataa," alisema Digidigi. "Basi ungeniuliza, nikakataa, tukatafuta njia nyingine pamoja. Mzee alitumia miguu yangu bila kuniuliza. Na wewe leo umeitumia bila kuniuliza."

Pimbi alisimama na kifuu chake. Alitaka kusema kwamba alifanya kwa wema. Halafu akakumbuka ni nani mwingine huwa anasema hivyo, akafunga mdomo. Aliona aibu, watoto. Aibu ile ya kuondoka nayo nyumbani, ukalala nayo, ukaamka ukaikuta imekaa kitandani inakungoja.

Alfajiri Digidigi hakwenda kazini. Pimbi alikuwa ameingia kwenye tope mahali pake, chapa, chapa, kwa vile vimiguu. Kabla ya kuingia alikuwa amepita mlangoni, akauliza, "Naomba unikalie jiwe langu utazame mawingu mpaka upone. Utakubali?"

Digidigi alifikiri. Alimfanya angoje kidogo. Kisha akakubali.

Alikaa juu ya jiwe kiangazi chote kilichobaki, miguu imepakwa mafuta, juani. Ngozi ikarudi. Mvua za kwanza zilipoanza kunukia alishuka, akachukua makanda yake ya chumvi, na safari hii alipojipima hakuanguka. Alipita nyuma ya kilima, Fisi akamwona, akaruka, na alipotua alikuta vumbi tu. Mama yake Digidigi alionja chumvi ya mtoto wake siku hiyo.

Na Pimbi? Mkimkamata leo, mgeuzeni mguu. Mtaona unyayo laini wenye unyevunyevu, kama uliotoka kwenye tope sasa hivi. Na mkimkaribia anapoota jua juu ya jiwe, atapiga kelele na kujitosa kwenye ufa. Wengi husema ni woga. Si woga, anadhani mmekuja na beseni.

Hadithi yangu nimeitua hapo, mwenye kuibeba aibebe na funzo lake: anayekufanyia kazi mlipe haki yake kwanza, ndipo umwite ndugu, tena umuulize kama anataka.